Saa 57 za Arsenal na Kosa la Kijana wa Myanga

Hukumu imeshatolewa, na imetolewa kila mahali: kwenye baraza la chifu, kwenye mkutano wa wazazi, kwenye mimbari, na chini ya mwembe pale senta ya Myanga, Bungoma, ambako wazee hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Kijana aliyeinamia gemu ya mkononi amepotea. Awe na PSP ya mtumba iliyotoka Nairobi, awe na simu ya Tecno yenye programu ya kuiga PSP, hukumu ni ile ile. Ikigunduliwa kwamba hachezi hata mpira, bali moja ya zile gemu ndefu ambazo mtu hujivika uhusika wa shujaa, akazunguka vijiji na mapango, akamhoji kila mwanakijiji, akapigana na majoka kwa zamu, basi kosa linakuwa zito maradufu. Mpira angalau tunaujua. Hiki kingine ni kitu gani?

Naipinga hukumu hiyo. Lakini niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoieleza, kwa sababu wanaoisema si wajinga, na wengi wao ni wazazi wenye uchungu halali.

Wanasema hivi. Kijana wa Bungoma hana mtaji mwingine ila wakati wake. Gemu ya aina hii humla saa 40, 50 au 60 kabla haijaisha, na ikiisha hakuna cheti wala shilingi. Humtenga na wenzake. Humjaza mambo ya kigeni, pengine ya kishetani. Humharibia masomo. Na humfanya mtumwa, maana hata Shirika la Afya Duniani limekiri kwamba uraibu wa michezo ya video ni ugonjwa. Mzazi anayeuza mahindi debe kwa debe ili alipe karo atakaaje kimya?

Haya. Tuzichukue hoja hizo moja moja.

1. "Anapoteza wakati"

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wanaolalamikia saa hawazihesabu. Katika Ligi Kuu ya Uingereza kila timu hucheza mechi 38 kwa msimu. Mechi ni dakika 90. Anayeifuata Arsenal peke yake, asiangalie timu nyingine yoyote, hutumia dakika 3,420, yaani saa 57. Hapo sijaweka mapumziko. Sijaweka dakika za nyongeza, wala zile zinazoliwa na VAR, wala Ligi ya Mabingwa, wala ubishi wa Jumatatu pale stejini ambao aghalabu huwa mrefu kuliko mechi yenyewe. Saa 57 zinatosha kumaliza nyingi za hizo gemu tunazoambiwa zinakula vijana. Tena gemu ikiisha imeisha. Arsenal hurudi Agosti.

Sijawahi kusikia chifu akiitisha baraza kuhusu Arsenal.

Wala kuhusu drafti. Yuko mzee anayeketi chini ya mwembe ule tangu saa nne asubuhi mpaka mama mboga wanapokunja magunia yao, akila vizibo vya mwenzake. Kijana akipita na PSP mkononi, mzee huinua kichwa na kumwambia kwa huruma, "Mwanangu, kweli utaisha hivi hivi?" Kisha hurudi kwenye vizibo, kwa sababu ni zamu yake.

Tofauti iko wapi? Drafti na mpira ni mambo ya hadharani. Mchezaji wa drafti anaonekana, anasalimiwa, anaitika, na ng'ombe wakiingia kwenye shamba la mtu anainuka na kukimbia. Mwenye gemu ya mkononi ameketi pale pale lakini hapatikani. Ukimwita mara moja hasikii. Ukimwita mara ya tatu anasema "nakuja" na haji, kwa kuwa bado hajasevu. Hili ni lalamiko, na mara nyingi ni la haki. Lakini tuliite kwa jina lake. Hatulilii wakati wa kijana. Tunataka kijana anayetumika tukimwita, na tumeona aibu kusema hivyo, ndipo tukaazima lugha ya uchumi.

Maana kama kweli ingekuwa ni hesabu ya saa, mzee wa drafti angekuwa mfungwa wa kwanza.

2. "Shirika la Afya Duniani limesema ni ugonjwa"

Limesema. Mei 2019 nchi wanachama zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, likaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo uraibu wa michezo ya video, namba 6C51. Wanaoipeperusha namba hiyo wangefanya vyema kusoma maelezo yake. Mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia, anayeutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine zote za maisha, na anayeendelea nao hata unapomletea madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kijana anayecheza kwa muda wa saa mbili jioni baada ya kumkatia ng'ombe nyasi hamo humo. Walioingia humo wapo, na dawa yao si kiboko cha mzazi wala kunyang'anywa mbele ya wageni.

Na wanaotafuta ushahidi kwamba saa za gemu zenyewe huharibu akili watahangaika. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wa wachezaji 38,935, wakitumia kumbukumbu za saa zilizotoka kwa kampuni za gemu zenyewe. Hawakuona kwamba kuongeza au kupunguza saa kunabadilisha sana hali ya mtu ya kujisikia vizuri au vibaya. Hilo haliwafurahishi wapinzani wa gemu, na wala haliwafurahishi wanaodai kwamba gemu ni tiba.

Ila kwenye orodha ile ile ya magonjwa kuna namba inayotangulia 6C51. Ni 6C50, nayo ni kamari.

Hapo ndipo baraza linaponyamaza. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 katika nchi kadhaa za Afrika ulikuta asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichozidi cha nchi nyingine zote zilizohusishwa. Aprili 2025 hali ilikuwa imefika mahali ambapo bodi ya serikali iliyosimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kabla ya hapo, na baada yake, matangazo hayo yalisikika kwenye redio zile zile ambazo wazazi huzitegea taarifa ya habari. Kijana wa stejini anayecheza kamari ya Aviator anatazama kindege kinapaa, namba inapanda, naye anatakiwa abonyeze kabla hakijatoweka. Mzunguko mmoja huisha kwa sekunde chache na pesa ya mafuta ya pikipiki imekwenda. Anayepita karibu anadhani anasoma ujumbe wa mchumba.

Na huyu tunamwitaje? "Anatafuta." Akishinda, tunamwalika harambee.

Gharama iliyofichika ya hukumu yetu ni hii. Kijana wa miaka 17 akinyang'anywa PSP habaki mikono mitupu. Simu anabaki nayo, kwa kuwa M-Pesa ya mama yake inapitia kwake. Atatafuta kitu humo ndani. Tumemwondoa kwenye kifaa kisicho na mahali pa kuweka pesa, tukamwachia kile ambacho kila pembe yake ni mfuko wa mtu mwingine. Niweke wazi: nazitetea gemu za kale za PSP, ambazo zikishaingia kwenye kadi hazikudai senti nyingine. Hizi mpya za simu, zinazomuuzia mtoto masanduku ya bahati kila baada ya dakika kumi, ni ndugu wa Aviator, na sina neno la kuzisemea.

3. "Ni mambo ya kigeni, tena ya kishetani"

Hofu hii ina historia, nami siicheki kabisa. Kizazi kinachohukumu leo kilikuwa shuleni wakati Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Mtoto aliyekua akiambiwa kwamba shetani hujificha kwenye picha, nembo na nyimbo, akiwa mzazi lazima ashtuke akimwona mwanawe anaita zimwi lenye mapembe limsaidie vitani. Wala si sisi peke yetu; Saudi Arabia ilipiga marufuku michezo ya Pokémon mwaka 2001.

Lakini tunazungumza Myanga, nchi ya Wabukusu, ambako kila Agosti ya mwaka wa shufwa vijana huingia jandoni. Na simulizi linalobeba tohara hiyo ni lipi? Ni la Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa, na Khururwe Yabebe, joka lililokuwa likiwamaliza watu. Mango alilivizia pangoni mwake, akalikata kichwa, na baada ya hapo akastahili kutahiriwa. Kuna kijiji chenye hofu, kuna pango, kuna joka, kuna panga, kisha kuna cheo. Aliyecheza hizo gemu hata wiki moja ameshaitambua safari nzima. Babu akimsimulia mjukuu hayo usiku, ni mila. Mjukuu akiyatenda kwa vidole gumba viwili, ni ushetani. Naomba nielezwe joka hubatizwa saa ngapi.

Tuendelee. Wazazi wengi wa Kitale na Bungoma wenye umri wangu walisoma riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996 na baadaye ikatahiniwa shuleni. Walibora alikuwa mtoto wa huku kwetu. Shujaa wake, Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga akimtafuta baba yake, na safari inamleta mpaka Kitale. Njiani anakutana na wema na walaghai, anapoteza, anapata, anauliza njia, anakosea njia. Tuliisoma tukalia. Hakuna aliyetuambia tunapoteza wakati kwa kumfuata mtu ambaye hayupo katika safari ambayo haikutokea. Au tuseme kweli: hawakutuambia kwa sababu ilikuwa kwenye mtihani. Riwaya isiyotahiniwa ilinyang'anywa kama vile PSP inavyonyang'anywa leo, na kwa maneno yale yale.

Kuhusu ugeni, sina haja ya maneno mengi. Arsenal iko London. Tena Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, gemu iliyobuniwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ikiwa na hadithi za Wabantu na msiba wa baba yake mwenyewe ndani yake. Inachezwa hata kwenye Nintendo Switch, mashine ya mkononi, na sauti zake unaweza kuzichagua ziwe za Kiswahili. Wanaolia kwamba gemu zinaua utamaduni wetu walikuwa na nafasi ya kuipigia debe. Mimi sikuwasikia.

4. "Inamtenga na wenzake"

Nje ya kinyozi mmoja pale senta, mahali pa kuchajisha simu kwa shilingi 20, niliwakuta vijana wawili na PSP moja. Mfuniko wa betri ulishapotea. Betri ilishikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Mmoja alishika mashine, mwingine alisoma maandishi kwa sauti, Kiingereza cha kukwaruza, akisimama kila baada ya mstari kumtafsiria mwenzake na kumtafsiria kinyozi, ambaye hakuombwa lakini alikuwa na maoni. Walikuwa wamebakiwa na chupa tatu za dawa na joka lilikuwa mbele. Watumie moja sasa au watunze? "Tunza." "Tukifa tunarudi kule darajani, hatujasevu." "Ndiyo nasema tunza, wewe mpe yule mchawi apigane kwanza." Mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, aliuliza mchawi ana nguvu kiasi gani. Ubishi ulichukua muda mrefu kuliko pigano, na walishindwa.

Nioneshe aliyetengwa hapo.

Moja ya gemu za aina hii ilizaliwa na fikra hiyo hiyo ya kucheza pamoja. Satoshi Tajiri, aliyekuwa akikusanya wadudu utotoni, alipoiona waya inayounganisha Game Boy mbili alifikiria wadudu wakivuka kutoka mashine moja kwenda nyingine. Pokémon ikatoka Japani Februari 1996, katika kanda mbili, Nyekundu na Kijani, ikiwa na viumbe 151, na ikapangwa makusudi kwamba mwenye kanda moja hawezi kuwapata wote bila kubadilishana na mwenzake. Mtoto wetu anacheza peke yake chini ya blanketi kwa sababu sisi tumemfukuza sebuleni. Tukishamfukuza, tunamshtaki kwa upweke.

5. "Inaharibu masomo"

Hapa nitakwenda haraka, maana hoja yenyewe haijajisumbua. Sekondari msingi ilianza Januari 2023 na uhaba wa walimu. Mwaka 2024 walimu wake wa muda waligoma, na wanafunzi wakashinda nyumbani. Serikali iliyoingia 2013 ikiahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilianza kugawa vishikwambi mwaka 2016. Nenda shule iliyo karibu nawe uulize viko wapi, na ufunguo wa stoo anao nani. Baada ya yote hayo, matokeo yakitoka, mshtakiwa ni PSP iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni mshtakiwa anayefaa sana. Haina chama cha wafanyakazi, haigombei ubunge, na haiwezi kujibu.

6. Na wanaonitetea vibaya

Kuna kundi lingine, la watu wa mjini, ambao husikia malumbano haya na kuruka na jibu lao: siku hizi gemu zinalipa! Watakutajia Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani. Alistahili sifa alizopata. Lakini yeye ni mmoja, tena katika gemu ya kupigana ambayo ina mashindano. Hizi ndefu za safari na majoka, nyingi hazina ligi, hazina kombe, wala mdhamini. Ukimwambia mzazi wa Myanga kwamba mwanawe atalipwa kwa kumaliza hadithi, unamdanganya, naye atajua.

Tena jibu hilo linakubali mashtaka kimyakimya. Linasema: ndiyo, saa isiyo na malipo ni dhambi, ila hii ina malipo. Ukishakubali hilo umeshindwa, na umemkabidhi kijana kwa Aviator mwenyewe, kwa kuwa hakuna mchezo unaotangaza malipo kuliko huo.

7. Dada yake

Katika malumbano yote haya, barazani na redioni, nimesikia "vijana" na maana yake kila mara ilikuwa wavulana. Hakuna anayelalamika kwamba msichana wa Myanga anapoteza saa 50 kwenye gemu, kwa sababu hana saa hizo. Kaka yake anapobishana na kinyozi kuhusu dawa ya mchawi, yeye yuko kisimani, au jikoni, au amembeba mtoto wa shangazi. Akionekana ameinamia simu, haulizwi ni gemu gani. Anaulizwa ni mwanaume gani.

Hawa wanaojiita watetezi wa wakati wa vijana hawajawahi kuutetea wakati wake. Wameutumia. Saa za mvulana zinazohesabiwa kuwa zimepotea zipo kwa sababu mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo ameteka maji. Kama wangetaka kweli kumwondoa kijana kwenye PSP kwa saa moja kila jioni, njia ipo na haihitaji chifu: mtungi ule aubebe yeye.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kunyang'anya, uliza kwanza hadithi imefika wapi na mwache asevu. Kisha mpe mtungi. Na hiyo mashine, ikiwa bado ina chaji, mpe dada yake naye ashike zamu.